Mlima ni Ule Ule: Raha na Changamoto za Kuendesha Baiskeli Barabarani

Haya ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa Kaunti ya Kiambu kuhusu uendeshaji wa baiskeli kwa mazoezi na burudani. Yanachapishwa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Kila Jumapili alfajiri, kabla kengele za makanisa hazijalia, kuna watu wanaopita kwa baiskeli kwenye barabara ya kwenda Limuru. Wamevaa nguo za kubana zenye rangi kali, wamejifunga helmeti, na wanapumua kama watu wanaofukuzwa. Mama anayefungua kibanda chake cha mboga huwatazama na kujiuliza: hawa wanakwenda wapi asubuhi yote hii, na ni nani anayewalipa?

Jibu ni kwamba hakuna anayewalipa. Hawa ni waendeshaji wa ridhaa. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni fundi wa umeme, mwingine ni karani wa benki, mwingine ni mwanafunzi wa chuo. Jumatatu kila mmoja atakuwa kazini kwake kama kawaida. Wanaendesha baiskeli kwa sababu wanaipenda, na mazungumzo haya yanahusu kupenda huko: kunaleta nini, kunagharimu nini, na wakazi wengine wa kaunti wanahusikaje.

Kaunti yenye historia ya baiskeli

Si ajabu kwamba mchezo huu una wapenzi hapa. Katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, David Kinjah, mwendeshaji aliyeiwakilisha Kenya katika mashindano ya kimataifa, amewafunza vijana kwa miaka mingi kupitia kikundi chake cha Safari Simbaz. Mmoja wa wavulana waliojifunza kwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Mwaka 2006 Froome na Kinjah wote wawili waliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Baadaye Froome aliichezea Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Afrika nayo imeendelea kupiga hatua. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara hili.

Hata hivyo, mazungumzo haya hayahusu mabingwa. Yanahusu yule karani wa Jumapili. Kati yake na bingwa kuna tofauti moja kubwa ambayo watu wengi hawaifikirii. Wengi hudhani tofauti ni kasi, na kweli kasi ipo. Lakini kubwa zaidi ni ulinzi. Bingwa anaposhindana, barabara hufungwa na polisi. Nyuma yake kuna gari lenye magurudumu ya akiba, fundi, maji na daktari. Karani anapanda mlima ule ule, kwa mapafu na miguu yake, huku barabara iko wazi, malori yanapita, na gari la msaada halipo. Akiba yake yote ni tyubu moja mfukoni na pampu ndogo.

Raha yenyewe

Raha ya kwanza ni kwamba mtu huijua kaunti yake upya. Aliye ndani ya gari huona barabara. Aliye kwenye baiskeli huona nchi. Chukua safari ya kutoka Kikuyu hadi Limuru, kisha kupitia Tigoni kuteremka Banana hadi Ruaka. Sehemu kubwa ya njia hiyo iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwendeshaji husikia baridi ikiongezeka kadiri anavyopanda. Hupitia kwenye ukungu wa Julai ambao humlowesha nyusi kama mvua. Hunusa majani ya chai yaliyochumwa, moshi wa kuni, na mkate unaookwa. Akifika Ruaka, joto limerudi na amevua koti. Ametembelea majira mawili ya hewa asubuhi moja.

Raha ya pili ni mlima. Asiyeendesha hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa mlima huumiza. Lakini mlima hauna upendeleo. Haujali cheo cha mtu wala bei ya baiskeli yake. Mwendeshaji mgeni huanza kwa pupa, na kabla ya nusu ya mlima miguu inakuwa mizito kama mawe. Baada ya wiki kadhaa hujifunza kuweka gia nyepesi mapema, kukaa kitini, kupumua kwa mpango na kutazama mita kumi tu za mbele. Mwenda pole hajikwai. Siku anapofika juu bila kuweka mguu chini, hakuna anayempigia makofi, lakini siku hiyo huikumbuka.

Raha ya tatu ni wenzake. Baiskeli ni mchezo ambao watu husaidiana hata wanaposhindana. Anayetangulia hukata upepo. Anayemfuata kwa karibu anaweza kupunguza nguvu anayotumia kwa takriban robo au zaidi. Kwa hiyo kundi hupokezana mbele. Aliyechoka hukaa nyuma apumzike, kisha naye hutoka mbele. Mmoja akipata pancha, wote husimama. Mtu akizoea kuishi hivyo kila Jumapili, si rahisi awe mchoyo siku ya Jumatatu.

Faida za afya zinajulikana. Baiskeli huimarisha moyo na mapafu bila kuumiza magoti sana kama kukimbia kunavyofanya, kwa sababu uzito wa mwili hubebwa na kiti. Wapo walioianza baada ya daktari kuwaonya kuhusu shinikizo la damu au uzito. Mwenye maradhi ya namna hiyo na aanze polepole, na baada ya kumwona daktari.

Mwili na chakula

Changamoto ya kwanza iko mwilini. Akiba ya nguvu ya haraka iliyo kwenye misuli na ini hutosha kwa takriban saa moja na nusu hadi mbili za kazi ngumu. Mwendeshaji asiyekula njiani hufikia mahali nguvu zikakatika ghafla, kama taa iliyozimwa. Mikono hutetemeka, macho huona ukungu, na kilomita kumi za kurudi nyumbani huwa kama mia. Wengi hupata somo hili mara moja tu.

Dawa yake haihitaji vyakula vya bei kutoka ng'ambo. Ndizi mbivu, kiazi kitamu au nduma iliyochemshwa, na chai yenye sukari kwenye kibanda cha njiani vinatosha. Kanuni ni kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Baridi ya Limuru hudanganya: mtu hutoka jasho bila kujua, na husahau chupa yake ya maji mpaka kichwa kianze kuuma.

Mashine na mfuko

Changamoto ya pili ni gharama. Baiskeli nzito ya chuma iliyozoeleka vijijini, ile inayoitwa Black Mamba, hutengenezwa na fundi yeyote kwa spana na nyundo. Baiskeli ya mbio ni nyepesi, tairi zake ni nyembamba, na vipuri vyake si rahisi kupatikana. Hata iliyotumika inaweza kugharimu zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja wa mfanyakazi wa kawaida.

Ushauri kwa anayeanza ni huu: asinunue kwa macho. Kwanza, baiskeli imfae kimo chake, kwa kuwa fremu kubwa au ndogo kupita kiasi humletea maumivu ya mgongo na magoti. Pili, ainunue akiwa na fundi anayemwamini, akague fremu kama ina nyufa, atazame meno ya gia na mnyororo kama yameisha. Tatu, aweke pesa za helmeti, taa na breki nzuri kabla ya kufikiria jezi na miwani. Baiskeli ya bei ndogo yenye breki zinazoshika ni bora kuliko ya fahari isiyosimama.

Pancha nazo hazikosi. Kila mwendeshaji ajifunze kuitoa tyubu, kuisaka tundu, kubandika kiraka na kujaza upepo bila kusaidiwa. Na kabla ya kurudisha tyubu, apitishe vidole taratibu ndani ya tairi, kwa sababu mwiba uliobaki humlipa pancha ya pili kabla ya kufika kona inayofuata.

Barabara

Changamoto ya tatu ndiyo kubwa, nayo ndiyo sababu hasa ya mazungumzo haya.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayesoma ujumbe kwenye simu kwa sekunde mbili akiwa na mwendo huo amesafiri mita 44 akiwa kama kipofu. Ndani ya mita 44 wanaweza kuwamo mwendesha baiskeli, mzee mwenye fimbo, na watoto watatu wanaotoka shuleni.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa maneno mengine, wanaokufa zaidi ni wale wasio na bati la kuwakinga.

Kila mwendeshaji wa ridhaa anakijua kishindo cha gari linalompita karibu sana. Kwanza husikia injini ikikaza nyuma. Kisha upepo humsukuma pembeni, halafu humvuta kuelekea kwenye gari lenyewe. Mbele yake kuna shimo. Ana nafasi tatu: shimo, mtaro, au gari. Sekunde moja baadaye gari limeshapotea kwenye kona, na dereva pengine hakujua lolote. Lakini mwendeshaji mikono inamtetemeka kwa kilomita nzima. Wapo waliopenda mchezo huu sana wakauacha kwa sababu ya sekunde moja ya namna hiyo. Wapo pia ambao hawakurudi nyumbani.

Kwa wanawake kuna mzigo wa ziada. Mwanamke anayeendesha peke yake hupigiwa honi na mluzi, na hutolewa maneno kuhusu mavazi yake. Maneno hayo si mzaha. Humtoa mtu barabarani sawasawa na shimo linavyomtoa. Wanawake wengi huchagua kuendesha kwa vikundi, na hilo ni jambo jema, lakini barabara ya umma haipaswi kumdai mtu awe na msindikizaji.

Wajibu wa mwendeshaji

Haki huja na wajibu. Mwendesha baiskeli anayetaka kuheshimiwa barabarani naye aheshimu sheria.

Aendeshe upande wa kushoto, kufuata mkondo wa magari, wala si kuyakabili. Asimame taa nyekundu inapowaka. Aoneshe kwa mkono kabla ya kukata kona, na atazame nyuma kabla ya kukwepa shimo. Akiwa kundini, na magari yanasubiri nyuma, kundi lijipange mstari mmoja na kuwapisha. Gizani na kwenye ukungu awe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na nguo inayoonekana. Ukungu wa asubuhi wa Limuru unaweza kuwa mzito kiasi kwamba baiskeli isiyo na taa huonekana dereva akiwa tayari amechelewa kushika breki.

Mteremko nao unahitaji nidhamu. Barabara kongwe ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, ina mandhari ambayo humvuta mtu atazame bonde badala ya lami. Ina pia kona kali na magari makubwa. Anayeteremka ashike breki kabla ya kona, si ndani yake. Na lami ikiwa na maji, aanze kushika mapema zaidi. Sule Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji hodari wa nchi hii, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano huko Vermont, Marekani. Ikiwa hodari kama yeye aliweza kuanguka, hakuna anayeendesha ambaye amevuka hatari.

Wajibu wa dereva

Ombi kwa madereva wa magari ya kibinafsi, matatu, malori na bodaboda ni fupi. Mwendesha baiskeli ni mtumiaji halali wa barabara. Si kizuizi kilichosahauliwa njiani.

Dereva anapompita, ampe nafasi. Kanuni za barabara za Uingereza humtaka dereva aache angalau mita 1.5, na zaidi anapokwenda kasi. Kipimo hicho ni kizuri popote, kwa kuwa baiskeli haiendi mstari ulionyooka kama reli: hukwepa shimo, husukumwa na upepo, huyumba mlimani. Nafasi ikikosekana, dereva asubiri nyuma. Kusubiri huko mara nyingi huchukua sekunde chache, na ni muda mfupi kuliko ule abiria anaotafutia nauli mfukoni.

Kabla ya kufungua mlango wa gari lililoegeshwa, dereva na abiria watazame nyuma. Kabla ya kuingia kituoni kushusha abiria, dereva wa matatu atazame kioo cha kushoto. Na honi isipigwe mgongoni mwa mtu: mlio wa ghafla humfanya mwendeshaji ageuke, na anapogeuka, baiskeli nayo hugeuka.

Wajibu wa mkazi

Huenda mtu akauliza: kwa nini kaunti nzima ijishughulishe na starehe ya watu wachache wenye baiskeli za mbio?

Jibu liko kwenye barabara ile ile, saa moja tu baadaye. Kundi la Jumapili likishapita, hupita kijana aliyefunga mitungi miwili ya maziwa nyuma ya baiskeli yake. Hupita mkulima na gunia la kabichi. Hupita mwanafunzi anayewahi shule. Hawa hawana helmeti wala jezi, na hawakuchagua baiskeli kwa burudani. Shimo linalomwangusha karani ndilo linalomwaga maziwa. Gari linalomkosakosa karani kwa shubiri moja ndilo linalompita mwanafunzi kila siku. Barabara ikiwa salama kwa mwendeshaji wa ridhaa, imekuwa salama kwa wote hao.

Kwa hiyo mkazi ana nafasi yake. Chini ya Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mkazi anayeona shimo, mfuniko wa mtaro ulioibwa, au ukingo wa lami uliomeguka anaweza kupeleka taarifa kwa msimamizi wa wadi, akitaja mahali kwa alama inayojulikana: karibu na shule gani, baada ya daraja gani. Vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti viko wazi kwa kila mtu. Njia ya baiskeli haiingii kwenye mpango wa maendeleo yenyewe. Huingia kwa sababu mtu alisimama akaitaja. Waendesha baiskeli wengi huzijua barabara hizi mita kwa mita kuliko mtu mwingine yeyote, na ingekuwa hasara waendelee kulalamikia mashimo wao kwa wao tu.

Yako pia mambo madogo yasiyohitaji bajeti. Mwenye mbwa na amfunge asubuhi. Mwenye ujenzi na aondoe mchanga na kokoto alizomwaga barabarani. Mwenye duka na asivunjie chupa kwenye ukingo wa lami.

Kwa kumalizia

Tarehe 3 Juni kila mwaka huadhimishwa kama Siku ya Baiskeli Duniani, kwa azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2018. Ni siku nzuri ya kumshusha baba baiskeli iliyotundikwa stoo, kuipangusa vumbi, na kumpeleka mtoto kwenye uwanja ulio wazi ajifunze kuendesha. Lakini heshima ya barabarani haingoji siku hiyo.

Ilisemwa mwanzoni kwamba mlima wa bingwa na mlima wa karani ni ule ule, na kwamba tofauti ni ulinzi. Bingwa ana gari la msaada nyuma yake. Karani wa Jumapili, kijana wa maziwa na mwanafunzi wa asubuhi hawana. Wana dereva anayekuja nyuma yao, mama wa kibanda kando ya barabara, fundi wa kona, na jirani anayeripoti shimo. Hao ndio gari lao la msaada. Na wengi wa hao wamo katika ukumbi huu.